Kusomea sanaa za maonyesho ukitokea Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kikundi chetu cha maigizo hufanya mazoezi Jumamosi asubuhi chini ya miembe, na ni nadra Jumamosi kupita bila mtu kusimama pembeni akisubiri tumalize ili aulize jambo. Wengi ni vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita. Wengine ni wazazi. Mimi nilisoma fani hii hadi stashahada, nikarudi nyumbani, na majibu yangu nimeyarudia kiasi kwamba sasa nimeyaandika. Ukiona jibu linakuelekeza kwenye swali lingine, lifuate, maana sikutaka kusema jambo moja mara tatu.

## Mambo ya mwanzo

1. Sanaa za maonyesho ni nini hasa? Ni sawa na kuigiza kwenye filamu?

Ni sanaa inayofanywa na watu walio hai mbele ya watu walio hai, mahali pamoja na wakati mmoja. Kuna anayeonyesha, kuna kinachoonyeshwa, kuna uwanja na kuna watazamaji. Ukiviona vyote vinne, hayo ni maonyesho, yawe ya ukumbini Dar es Salaam au ya uwanja wa shule Sikonge. Ndiyo maana vyuo vyetu havifundishi tamthilia za kwenye vitabu peke yake. Ngoma, utambaji wa hadithi, majigambo, ngonjera na vichekesho vyote vimo.

Filamu ni ndugu wa karibu, lakini kazi yake ni tofauti. Mbele ya kamera ukikosea unarudia. Jukwaani hakuna kurudia, na mama aliyekaa mstari wa mwisho anataka kukusikia bila maikrofoni. Aliyeiva jukwaani huhamia kwenye filamu kwa urahisi, kwa sababu kupunguza sauti na ishara ni rahisi kuliko kuzijenga.

2. Hii si fani ya watu wa pwani? Sisi wa bara tunaingiaje?

Swali hili huniuma kidogo kila nikilisikia. Julius Nyerere alisoma shule ya serikali hapa Tabora kuanzia mwaka 1937, akarudi kufundisha Shule ya St. Mary's hapahapa baada ya Makerere, kisha mwaka 1963, akiwa tayari ni rais, ikachapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwalimu wa Tabora ndiye aliyewaonyesha wengi kwamba Kiswahili kinabeba jukwaa zito.

Muziki nao tumeubeba. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zote ni bendi za mji huu. Na tuna visa vya kuigiza ambavyo mwandishi yeyote angevitamani: Mtemi Isike aliyepigana na Wajerumani hadi mwaka 1893, akaona heri ajilipue kwa baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa, na Mirambo wa Urambo na majeshi yake ya rugaruga. Njia ya misafara ya zamani ilitoka Ujiji, ikapita hapa, ikaishia Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea kwa miezi wakiimba. Kijana wa Tabora anayekwenda kusoma sanaa Bagamoyo leo anapanda basi kufuata njia ya mababu zake.

3. Lazima niwe na kipaji?

Kipaji kinasaidia wiki tatu za kwanza. Baada ya hapo anayewahi mazoezini, anayejifunza maneno yake mapema na anayesikiliza mwenzake akizungumza ndiye anayepita. Nimewaona vijana wacheshi wa mtaani wakiacha chuo muhula wa kwanza kwa sababu hawakuweza kurudia tukio moja mara ishirini. Nimemwona pia binti mkimya aliyeingia bila kujua ataweza nini, akamaliza akiwa msimamizi wa jukwaa ambaye kila mwongozaji alimtaka.

## Kujiunga

4. Nisome wapi?

Kwa ngazi ya cheti na stashahada, chuo kinachojulikana zaidi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Huko vitendo ndivyo vinavyotawala: unaamka na ngoma, unalala na mazoezi. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha fani hii tangu miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kinafundisha. Dodoma ni karibu zaidi kwetu na nauli yake si ya kutisha.

Usilipe pesa ya maombi kwa mtu wa mtandaoni anayedai kukupatia nafasi. Kozi za cheti na stashahada zinasimamiwa na NACTVET, shahada na TCU, na taasisi zote mbili hutoa miongozo ya udahili kila mwaka. Chuo au kozi isiyoonekana humo, achana nayo.

5. Nina D nne tu za kidato cha nne. Nimekwisha?

Hujakwisha hata kidogo. Sharti la kawaida la kuanza ngazi ya cheti, yaani NTA 4 (ngazi ya nne ya tuzo za vyuo vya ufundi), ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, ukiacha masomo ya dini, na D inahesabika kuwa ufaulu. Ukimaliza NTA 4 unapanda 5, kisha 6 ambayo ndiyo stashahada. Kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja wa masomo. Kutoka stashahada unaweza kuomba shahada ukiwa na GPA (wastani wa alama) ya kutosha, ambayo kwa kawaida huanzia 3.0.

Aliyemaliza kidato cha sita anahitaji principal mbili (ufaulu wa kiwango kikuu katika masomo mawili) zenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0 ili kuingia shahada moja kwa moja. Masomo yanayotakiwa hutofautiana chuo na chuo, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika. Usitegemee nilichokwambia mimi mwaka jana.

6. Kwenye usaili wa vitendo niende na nini?

Andaa kipande cha dakika mbili cha mtu mmoja, kiwe cha Kiswahili na kiwe kinakuhusu kwa umri. Kijana wa miaka 19 anayeigiza mzee wa miaka 80 mwenye mkongojo huishia kuigiza mkongojo. Andaa wimbo mmoja na ngoma moja ya kwenu. Hapa tuna utajiri, maana aliyewahi kucheza manyanga au kuimba kwaya anao mdundo mwilini tayari. Vaa nguo inayokuruhusu kuinama na kukaa sakafuni.

Wasaili hupenda kukukatiza na kusema, "Rudia, lakini sasa uko kaburini kwa baba yako." Hawakukosoi. Wanataka kuona kama unaweza kupokea maelekezo ukabadilika papo hapo. Rudia bila kujitetea.

7. Gharama zikoje, na mkopo upo?

Ada hubadilika na kila chuo hutangaza yake. Ambazo watu husahau ni gharama ndogondogo: nguo nyeusi za mazoezi seti mbili, raba nyepesi, kanga au kitenge cha kufunga kiunoni kwenye ngoma, daftari gumu, kurudufu miswada, na nauli za kwenda kutazama maonyesho ya wengine. Weka akiba ya hayo kabla hujaondoka nyumbani. Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo (HESLB) hutoa mwongozo kila mwaka unaotaja ngazi na kozi zinazopewa kipaumbele. Usome kabla hujamwambia mzazi kwamba mkopo utalipa.

## Darasani na jukwaani

8. Mwaka wa kwanza nitasoma nini?

Sauti na mwili, misingi ya uigizaji, ngoma na muziki, historia ya maonyesho, uchambuzi wa tamthilia, na ufundi wa jukwaa: mandhari, maleba (mavazi ya jukwaani), vipodozi, mwanga, sauti na vifaa. Mwisho wa muhula mnaandaa onyesho ambalo ndilo mtihani. Nadharia ipo na inahitaji kusoma kwelikweli. Mwanafunzi asiyesoma tamthilia hana cha kuigiza isipokuwa yeye mwenyewe.

9. Mimi nataka kuigiza tu. Kwa nini nishone nguo na kupigilia misumari?

Kwa sababu onyesho la waigizaji sita linaweza kuwa na watu kumi na wanne nyuma yake, na usipojua wanafanya nini utawaharibia kazi. Mwigizaji anayejua jinsi taa inavyofungwa hatasimama gizani halafu alalamike haonekani. Aliyewahi kushona kitufe usiku wa manane hatatupa joho sakafuni akitoka jukwaani.

Sababu ya pili ni ya tumbo. Nafasi za kuigiza ni chache kuliko watu. Nafasi za wanaojua kupanga, kufunga taa, kutunza maleba na kuendesha ratiba zipo hata kwenye kazi zisizoitwa sanaa, kama nilivyoeleza swali la 14.

10. Msimamizi wa jukwaa ndiye mwongozaji?

Hapana. Mwongozaji anaamua onyesho liweje, na usiku wa kwanza kazi yake imekwisha, anaweza kukaa na watazamaji. Msimamizi wa jukwaa ndiye anayeliendesha kila usiku lirudi vilevile.

Ana daftari lake, na ningependa kila mwanafunzi alishike angalau mara moja. Upande mmoja umebandikwa ukurasa wa muswada, upande wa pili uko wazi. Pale ndipo anapoandika nani anatoka wapi na kwenda wapi, akitumia penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu mwongozaji atabadilisha mawazo kesho. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mwigizaji anayetazama watazamaji, kwa hiyo kulia kwa jukwaa ni kushoto kwako uliyekaa kitini. Kosa hilo dogo limegonganisha watu wengi. Kila badiliko la taa lina namba. Kabla ya namba kufika anamwambia fundi "jiandae, kumi na mbili", na neno lenyewe likitamkwa anasema "nenda". Hadi atamke "nenda", fundi hagusi kitu.

Kazi yake nyingine ni meza ya vifaa. Mwaka mmoja tulikuwa na igizo ambalo mganga alipaswa kutoa kibuyu. Wakati wake ulipofika aliingiza mkono mkobani, hakuna kibuyu. Kilikuwa kimebaki nyumbani kwa mmoja wetu juu ya kabati. Alisimama pale mkono ukiwa mkobani, na sisi nyuma ya pazia tuliacha kupumua. Tangu siku hiyo tunatandika karatasi kubwa juu ya meza na kuchora kwa kalamu nene umbo la kila kifaa mahali pake: duara la kibuyu, mstari wa fimbo, pembe nne za barua. Nusu saa kabla ya kuanza unatazama meza mara moja tu. Umbo lililo tupu linakuambia nini hakijafika.

11. Taa za jukwaani zinahitaji utaalamu wa umeme?

Zinahitaji hesabu na adabu. Chukua taa za halojeni za wati 500. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 2,990. Taa tano ni wati 2,500, sawa. Ya sita inafikisha 3,000 na umevuka. Sasa fikiria ekstensheni moja ya bei rahisi iliyobebeshwa taa nane, spika na pasi ya kunyooshea maleba. Hivyo ndivyo kumbi zinavyoungua. Gawa mzigo kwenye soketi tofauti, kunjua waya wote wa ekstensheni kabla ya kuutumia kwa sababu uliojiviringisha hushika moto, na kazi yoyote ya kwenye ubao mkuu wa umeme mwachie fundi mwenye leseni.

Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki kwenye kioo, pale panapata joto kuliko kwingine, na balbu hupasuka. Tumia kitambaa safi. Na taa yoyote iliyo juu ya kichwa cha mtu iwe na mnyororo au waya wa chuma wa akiba, zaidi ya kifungo chake cha kawaida.

12. Nina lafudhi ya Kinyamwezi. Watanicheka?

Huenda wakacheka siku ya kwanza. Kinyamwezi hakitofautishi l na r kama Kiswahili, ndiyo maana wengi wetu "tunaludi" nyumbani. Jukwaani tofauti hiyo ina uzito, maana kupiga *kura* na kupiga *kula* si jambo moja, na baba anayedai *mahari* ya binti yake akisema *mahali* tukio zima limeanguka. Fanya zoezi la jozi: kura na kula, mahari na mahali, kila asubuhi kwa sauti, mbele ya mtu anayesikia tofauti. Miezi miwili inatosha.

Lakini usiitupe lafudhi yako. Ni chombo. Mwigizaji anayeweza kusema Kiswahili cha redioni, kisha akageuka akawa bibi wa Nzega anayesema "mwangaluka", ana watu wawili ndani yake.

Nguvu ya sauti ni suala jingine. Lala chali kwenye mkeka, weka kitabu juu ya tumbo, vuta pumzi hadi kitabu kipande huku mabega yametulia. Sauti inayosukumwa na tumbo inafika mbali na haikukwaruzi koo. Ukimaliza mazoezi ukiwa umekauka sauti, umepiga kelele, hujaigiza.

13. Naogopa watu. Nitaweza?

Hofu haiishi, inapewa kazi. Ukiwa na jambo dhahiri la kutenda jukwaani, kumenya muhogo, kutafuta ufunguo, kumficha mtoto, akili inakosa nafasi ya kuhesabu macho. Anza nyuma ya jukwaa kama unaogopa sana, kisha sogea.

## Kwa wazazi

14. Mwanangu atakula nini?

Mzazi wangu, shikamoo. Nakujibu bila kupamba. Wanaoishi kwa kuigiza jukwaani peke yake nchini ni wachache mno. Wahitimu ninaowafahamu wanachanganya: michezo ya redio na vipindi vya televisheni, kuandaa maigizo ya elimu ya afya vijijini kwa mashirika, kufundisha sanaa shuleni, kuendesha sherehe, kufunga taa na vipaza sauti vya harusi na makongamano, kupamba, kupaka vipodozi. Halmashauri zina maofisa utamaduni, na ajira hizo zikitangazwa elimu hii inahusika. Kipato hakiji tarehe moja kila mwezi. Kijana ajifunze kutunza pesa ya mwezi mzuri kwa ajili ya mwezi mbaya.

Na kama mwanao anasema anataka umaarufu tu, mzuie mwaka mmoja, mlete kwenye mazoezi yetu. Atajijua.

15. Ni kazi ya heshima kwa binti? Na dini inasemaje?

Masuala ya imani muulize sheikh au padri wako, mimi si mamlaka. Ninachoweza kusema ni jinsi mazoezi yanavyopaswa kwenda. Tukio lolote la kugusana hupangwa hatua kwa hatua mbele ya wote, mwanafunzi ana haki ya kukataa, na hakuna mazoezi ya watu wawili chumbani usiku. Mwalimu au mwongozaji anayesema "ndivyo sanaa ilivyo" ili avuke mpaka huo, binti aondoke na kuripoti siku hiyohiyo. Upigie mstari hili kabla ya kulipa ada. Kuhusu mavazi, maleba ya stara yanashonwa, hilo ni jambo la kuzungumza na mbunifu. Wakati wa Ramadhani tunasogeza mazoezi mazito asubuhi.

## Mambo ya pembeni

16. Tunaweza kuigiza tamthilia ya kitabu bila kumuuliza mwandishi?

Ndani ya darasa kwa kujifunza, hakuna atakayewafuata. Mkiwaita watu kutazama, hasa kwa kiingilio, ombeni ruhusa ya maandishi kwa mwandishi au mchapishaji. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuulizwa. Waandishi wengi hujibu vizuri wakiulizwa kwa heshima.

17. Na kibali cha serikali?

Michezo ya kuigiza ya hadharani inahusika na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 iliyo chini ya Bodi ya Filamu, na wasanii husajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kwa onyesho la hapa, anzia kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, wiki kadhaa kabla.

18. Tunaweza kupeleka ngoma ya bayeye jukwaani?

Bayeye ni wacheza nyoka, na kuna mambo yao ambayo hayafunuliwi kwa asiyeingia kundini mwao. Mkitaka, nendeni kwa wazee wenyewe, semeni mnachotaka kuonyesha, wawaambie kipi kinaruhusiwa. Msijifunze kwa video ya simu. Na nyoka hai msimlete.

19. Nina ulemavu. Kuna nafasi yangu?

Ipo. Uliza chuo mapema kuhusu ngazi, mabweni na mkalimani wa lugha ya alama, na uulize kwa maandishi. Kiti cha magurudumu si sababu ya kupewa nafasi ya omba-omba tu. Ukipewa hivyo kila mara, pinga.

20. Kundi letu la mtihani lina mtu asiyekuja mazoezini. Tufanyeje?

Msimamizi wa jukwaa aandike mahudhurio kila siku, saa na dakika. Mara ya pili mwambieni mwalimu, msisubiri wiki ya onyesho. Mpeni mwenzenu mwingine ajifunze nafasi hiyo kimyakimya kuanzia sasa. Kabla ya yote lakini, mtu mmoja amfuate na amuulize kwa upole: mara nyingi kuna ada, njaa au msiba nyuma yake.

21. Umeme ukikatika katikati ya onyesho?

Waigizaji huganda pale walipo, msimamizi anawasha tochi chini, anahesabu hadi thelathini. Ukirudi, mnaendelea. Usiporudi, mtu mmoja anatoka mbele kuwaambia watazamaji wabaki vitini, njia za kutokea zinamulikwa, na taa mbili za kuchaji mlizojaza mchana zinawekwa chini kwenye kona za mbele za jukwaa, moja kila upande. Hilo limetukuta Isevya, hapa Tabora. Tulimalizia tukio la mwisho kwa mwanga huo, nyuso zikiwa zimemulikwa kutoka chini, na hakuna aliyeondoka.